Pixies: albamu nne, halafu faksi

Juzi usiku jamaa wawili hapa hosteli wamebishana weee, mmoja anadai ile roki ya miaka ya 90, ya kunong'ona halafu kupiga kelele, ilianzishwa na Nirvana. Nilinyamaza ila roho iliniuma. Leo natoa ya moyoni.

Pixies walianza Boston, Marekani, mwaka 1986. Charles Thompson (anajiita Black Francis) na Joey Santiago walikuwa wanasoma Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst. Hawakudisco jamani, waliacha wenyewe! Wakatangaza kwamba wanatafuta mpiga gitaa la besi, akajitokeza mtu mmoja tu, Kim Deal, na yeye besi hana. Ikabidi aazime ya pacha wake. Kwenye dramu akakaa David Lovering.

Mwaka 1987 baba yake Thompson akawapa dola 1,000 wakarekodi demo. Nyimbo nane za humo ndiyo santuri fupi ya Come On Pilgrim, na walioitoa ni 4AD, kampuni ya London. Yaani watu wa Boston wanapokelewa kwanza ng'ambo! Surfer Rosa ya 1988 ilirekodiwa na Steve Albini, akachukua dola 1,500 zake basi, mrabaha hataki. Halafu Doolittle, 1989. Hii Uingereza ilifika namba 8, kwao Marekani namba 98. Soma tena hizo namba.

Na humo ndimo utakuta ule mtindo: ubeti unakwenda taratibu, besi peke yake karibu, halafu kiitikio kinalipuka. Nevermind ya Nirvana ilitoka Septemba 1991. Mwaka 1994 Kurt Cobain mwenyewe aliliambia jarida la Rolling Stone kwamba kwenye Smells Like Teen Spirit alikuwa anajaribu kuwaiga Pixies. Sasa wewe wa hosteli unabishana na nani?

Bossanova (1990) na Trompe le Monde (1991) nazipenda kiasi. Ila kwenye Bossanova hakuna hata wimbo mmoja uliotungwa na Kim Deal, wakati aliyeshiriki kutunga Gigantic ni huyo huyo. Hapo unaona kabisa nyumba inawaka moto. Januari 1993 Thompson akatangaza redioni BBC kwamba bendi imekwisha, wenzake hawana habari. Santiago akapigiwa simu. Deal na Lovering wakatumiwa faksi. Faksi!

Waliobaki na hizo nyimbo ni mashabiki. Filamu ya Fight Club (1999) ikafunga na Where Is My Mind?, David Bowie akarudia Cactus mwaka 2002, na walipoungana tena 2004 watu walijaa kumbini, wengine walikuwa watoto wadogo bendi ilipovunjika. Deal aliondoka tena 2013. Albamu za kuanzia Indie Cindy (2014) ukitaka sikiliza, mimi naona besi ipo ila Kim hayupo. Anza na Doolittle.

Halafu nilitaka kusahau: mwaka ule ule wa faksi, Kim Deal na bendi yake ya Breeders walitoa Last Splash. Ikafikisha platinamu Marekani mwaka uliofuata. Doolittle ilisubiri mpaka 2018.