Kompyuta ya Pauni Sabini

Mwulize mtu wa mjini kwa nini hana kompyuta nyumbani kwake, atakujibu kwa neno moja: bei. Neno hilo lina historia yake, na leo nataka tuitazame.

Mwaka 1977 kompyuta ya Apple II iliuzwa Marekani kwa dola 1,298, tena bila kioo cha kuitazamia. Hicho kilikuwa chombo cha wenye nazo. Ndipo huko Uingereza, mwezi Machi 1981, Clive Sinclair akaleta ZX81 kwa pauni 69.95. Aliyejua kulehemu akachukua vipande akaviunga mwenyewe kwa pauni 49.95.

Alipunguzaje bei? Kwa kunyofoa. Ndani mlikuwa na chipu nne tu. Vitufe havikuwa vitufe hasa, bali karatasi ya plastiki iliyochorwa herufi. Kioo? Tumia televisheni ya sebuleni. Pa kuhifadhia kazi? Redio kaseti ya nyumbani. Yaani mnunuzi alikuwa ameshalipia sehemu kubwa ya kompyuta yake kabla hajafika dukani! Na baba akitaka taarifa ya habari, mtoto alizima kompyuta akangoja.

Ziliuzwa zaidi ya milioni moja na nusu. Mimi simlaumu Sinclair, ila bei ile ilikuwa na mkia. Kumbukumbu ya kompyuta hiyo ilibeba herufi 1,024 tu, pungufu ya ukurasa mmoja wa hizi ninazowasomea. Kuiongeza mara kumi na sita kulitaka pauni 49.95 nyingine, na kidude chenyewe kilichomekwa nyuma kikitikisika kidogo tu, kazi yote ya jioni hupotea. Jumlisheni wenyewe: karibu pauni 120.

Sasa ichukueni hesabu hiyo muilete kwetu. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Lakini tuseme mtu angeipenyeza ZX81 mpaka Kariakoo mwaka 1981. Redio kaseti angeazima kwa jirani. Televisheni je? Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, lakini Bara matangazo yalianza mwaka 1994. Basi bwana yule angebonyeza vitufe vyake usiku kucha, asione hata herufi moja aliyoiandika.