Chombo Hakirudi Kitupu

Jirani yangu wa Bondeni, Mombasa, mzee aliyestaafu kazi ya bandari, ana boti la faiba la futi 18 lenye mashini moja ya nyuma. Bamvua likiangukia mwisho wa wiki, yeye na bibi yake huswali adhuhuri, kisha wakateremka kwa miguu kupitia Kibokoni hadi Bandari ya Kale. Mzee hubeba jerikeni la petroli, bibi hubeba kapu. Ndani ya kapu mna chupa ya chai, mkate wa sinia, na bakuli lililofunikwa kwa kitambaa. Bakuli hilo si lao. Ni la shangazi yake bibi, aliyeko Jomvu Kuu, nao wanalirudisha. Ukikutana nao njiani ukawauliza waendako, watakujibu kwa pamoja: "Twaenda kutembea."

Neno hilo ndilo lililonitia hamu ya kuandika. Kwa Kiswahili mtu hutembea kwa miguu, na pia hutembea kwa watu. Anayekwenda tu bila kwenda kwa mtu, huyo twasema anaranda. Lakini yako mapokeo mengine ambamo mke na mume huingia chomboni mwao wenyewe, wakafuata njia za maji siku baada ya siku, pasipo mwenyeji anayewangoja. Nimeyaweka mapokeo hayo kando ya yetu ili nione chombo huwafanyia nini watu wawili wanaopendana.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Uingereza. Julai 1939, mhandisi Tom Rolt alimwoa Angela, na mwezi huohuo wakaondoka mji wa Banbury katika boti lao la mbao, Cressy, lililosukumwa na injini ya gari aina ya Ford. Boti hilo lilikuwa na upana wa futi 7 hivi, kwa sababu mifereji mingi ya nchi ile ilichimbwa kwa kipimo hicho. Humo ndani mlikuwa na kitanda, jiko na vitabu. Sisi fungate tunaijua kuwa ni siku saba za kukaa ndani, maharusi wakiletewa chakula na kuhudumiwa na somo. Hawa wawili waliichukua nyumba yenyewe wakaitia majini, wakaenda nayo kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Hawakuanzisha wao jambo hilo. Mifereji ya Uingereza ilichimbwa kwa ajili ya makaa ya mawe na mizigo mingine, na maboti yakavutwa na farasi waliotembea kando. Karne ya 19 reli ilipowanyang'anya wachukuzi mizigo, wengi wao walishindwa kulipa kodi ya nyumba na mishahara ya mabaharia. Wakawahamishia wake na watoto chomboni, katika chumba kidogo cha nyuma, mke akawa ndiye baharia. Kwa hiyo desturi ya mke na mume kuishi majini ilizaliwa na dhiki, na starehe ikaja baadaye kurithi chumba kilekile.

Mwaka huohuo wa 1939, huku kwetu, msafiri wa Australia Alan Villiers alikuwa ndani ya jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasser al-Najdi. Lilikuwa limeteremka na kaskazi kutoka Uarabuni, likapitia miji ya pwani yetu, likafika delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko, kisha likangoja kusi lirudi. Mabaharia walilala juu ya sitaha, na wake zao walikuwa nyumbani, mbali. Ndivyo ilivyokuwa kwa mabaharia wengi wa bahari hii kwa karne nyingi: kaskazi huleta, kusi hurudisha, na mwanamke huhesabu miezi. Katika Mji wa Kale wa Mombasa chombo kilikuwa kitu cha kuagia na kupokelea. Mke alikijua kutoka ufukweni, kwa kutambua tanga lake linapoingia.

Hapa ndipo mapokeo mawili yanapoachana. Kule umasikini uliwaweka mke na mume katika chombo kimoja, na huku upepo uliwatenga. Jirani yangu na bibi yake, wakikaa ubao mmoja na kuelekea Jomvu Kuu, wanafanya jambo ambalo babu zao wengi hawakulifanya. Mota ndiyo iliyowapa nafasi hiyo, kwa kuwa imewatoa katika amri ya pepo: huhitaji tena kungoja nusu mwaka ili urudi.

Lakini mota haijawatoa katika amri ya mwezi. Niliwahi kufuatana nao, nikaliona hilo kwa macho. Tuliondoka kama saa nane mchana, maji yakiwa bado yanajaa. Mzee alivuta kamba ya mashini mara tatu, moshi wa samawati ukatanda juu ya maji, tukapita chini ya Daraja la Nyali tukiingia mkono wa bahari wa Tudor. Mbele ya mikoko alitaka kukata kona afupishe njia. Bibi hakupaza sauti. Alinyoosha mkono tu kuonyesha mahali maji yalipokuwa yakikunjana, akasema, "Bwana, pale pana fungu. Maji hayajafika." Mzee akapunguza mashini hadi ikawa inakohoa tu, akachukua pondo, akapima. Ncha ilitoka na tope jeusi. Tukakaa kimya kiasi cha robo saa, chai ikanywewa, kaa wakionekana wanapanda mizizi kukimbia maji. Kisha pondo likapimwa tena, tukapita.

Wahenga walisema manahodha wawili chombo huenda mrama, nami naukubali msemo huo. Ila siku ile niliona kwamba usukani kuwa mikononi mwa mmoja hakumzuii mwingine kuwa rubani. Katika mifereji ya Uingereza mambo hugawanywa vivyo hivyo. Panapo mteremko pamejengwa chumba cha maji chenye milango kila upande: mmoja hushika usukani, mwenziwe hushuka nchi kavu akafungua milango, maji yakaingia au kutoka, boti likapanda au kushuka. Tofauti ni kwamba wao milango huifungua kwa mikono yao, wakati waupendao. Huku bamvua hupandisha na kushusha maji kwa mita tatu na zaidi, na anayepitwa na saa yake hukalishwa juu ya tope hadi maji yarudi.

Marekani wana njia ndefu ya maji ya pwani, Intracoastal Waterway, inayokwenda karibu maili 3,000 kutoka Boston kuzunguka Florida hadi Brownsville huko Texas, sehemu yake kubwa ikikingwa na visiwa dhidi ya mawimbi. Mke na mume waliostaafu huifuata kuelekea kusini baridi ikikaribia, na kurudi kaskazini joto likija. Nao, basi, wana misimu yao. Ila wao hufuata jua, na kituo chao ni gati la kulipia.

Sidharau starehe hiyo. Upweke wa wawili ni neema, na nyumba zetu zilizojaa jamaa hazitoi nafasi nyingi kwa mke na mume kuzungumza. Lakini Tom na Angela waliishi katika Cressy hadi 1951, na mwaka huohuo njia zao zikaachana. Siwezi kudai boti ndilo lililowatenga. Nasema tu kwamba chombo hakitoshi kuwa kituo cha safari. Kutembea kwa Kiswahili kunawapa wawili yale mazungumzo ya njiani, kisha kunawafikisha kwa mtu wa tatu aliyewatandikia mkeka.

Liko, hata hivyo, jambo ambalo tungelichukua kwa Rolt. Kitabu chake Narrow Boat kilitoka 1944, wakati mifereji ilikuwa ikiachwa ife, na 1946 yeye na mwandishi Robert Aickman wakawa miongoni mwa walioanzisha chama cha kuitetea. Aliyepita polepole aliona, na aliyeona hakunyamaza. Mombasa tuna sababu za kuogopa maji. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakafa, na ziko nyumba ambazo mpaka leo hazisemi habari hizo. Lakini hofu ikitufanya tuipe bahari kisogo, tunaacha kujua hali yake. Majitaka ya mji yanaingia Tudor. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta udongo uliofukia mikoko ya Mwache. Na kwa miongo mingi tuta la Makupa lilizuia maji kupita kati ya Tudor na mkono mwingine wa bahari, Port Reitz, hadi daraja jipya lilipofunguliwa 2022. Mambo haya huyaoni ukiwa ndani ya matatu. Jirani yangu huyaona ya Tudor kila atokapo, na bibi yake anaweza kukutajia fungu lililoongezeka na mkoko uliokatwa tangu safari iliyopita.

Siku ile tulifika Jomvu Kuu kabla ya alasiri. Shangazi alilipokea bakuli lake, akaondoa kitambaa, akakuta halua. Aliihamishia sahani nyingine bila kusema neno. Maji yalipoanza kupwa, mzee akaanza kutazama ufuko mara kwa mara, tukaaga. Bibi alikabidhiwa bakuli lilelile, sasa limejaa maembe, kwa kuwa kwetu chombo hakirudishwi kitupu. Aliliweka mapajani, akalishika kwa mikono miwili njia nzima, nasi tukateremka na maji hadi Bandari ya Kale, adhana ya magharibi ikianza.