Uelekezaji wa simu

Nomino, ngeli ya U. Hutokana na kitenzi *elekeza*, umbo la kusababisha la *elekea*.

Maana. Kazi ya mfumo wa simu ya kuamua simu ipite njia gani na ilie kwa nani. Katika simu za intaneti, uamuzi huo hufanywa na programu iliyo kwenye seva, wala si na karani wa swichibodi.

Jinsi unavyofanyika. Kila kifaa hujisajili kwanza kwenye seva, ili seva ijue anwani ya intaneti kinakopatikana wakati huo. Simu inapoingia, seva hutazama namba iliyopigwa, namba ya mpigaji, siku na saa, kisha huzilinganisha na kanuni zilizowekwa na msimamizi. Asipopatikana mpokeaji ndani ya sekunde zilizopangwa, simu huenda hatua inayofuata: kwenye foleni, kwenye simu ya mkononi au kwenye kisanduku cha ujumbe wa sauti.

Mfano. Chukua kampuni inayouza vipuri vya karasha za kusagia mawe ya dhahabu, yenye ofisi Shinyanga mjini na duka Geita. Namba yake ya mezani huanza na 028, msimbo unaotumiwa na Shinyanga, Mwanza na mikoa mingine ya Kanda ya Ziwa, ukiwamo Geita ulioanzishwa kuwa mkoa mwaka 2012. Kwa kuwa msimbo huo haubainishi mteja anataka tawi gani, mfumo humtaka abonyeze 1 kwa Shinyanga au 2 kwa Geita. Baada ya saa za kazi, simu zote huelekezwa kwa mlinzi wa zamu.

Namba na mahali. Zamani simu ya mezani ilifungwa kwenye waya, hivyo namba ilitaja mahali. Namba ya simu ya intaneti hufuata kifaa. Mfanyakazi akitoka na kifaa cha ofisi ya Shinyanga hadi machimbo ya Nyarugusu, mkoani Geita, namba haibadiliki. Kwa biashara hilo ni faida. Kwa simu ya dharura ya 112 ni hatari, kwani mfumo unaweza kuipeleka simu kwenye kituo cha anwani iliyosajiliwa, mbali na duara lililoporomoka. Kwa sababu kama hiyo, mwaka 2005 Marekani iliwataka watoa huduma za simu za intaneti waipeleke simu ya dharura pamoja na anwani ya mpigaji. Msimamizi hana budi kusahihisha anwani hiyo kifaa kinapohamishwa, na mpigaji ataje mahali alipo kabla ya jambo jingine.

Maneno yanayochanganywa

*Elekeza*: kuipangia simu njia kabla haijapokelewa. «Mfumo uliielekeza simu kwenye duka la Geita.»

*Hamisha*: kuikabidhi kwa mwingine simu iliyokwisha kupokelewa. «Karani aliihamisha simu hiyo kwa mhasibu.»

*Unganisha*: kuwakutanisha wawili wazungumze. «Tuliunganishwa na fundi aliyeko Kahama.»

Matumizi. Mtendwa wa *elekeza* awe simu. «Mfumo utamwelekeza mpigaji» huweza kueleweka kuwa mpigaji atafundishwa la kufanya. Afadhali «mfumo utaielekeza simu». Vivyo hivyo, *maelekezo* ni maagizo au mafundisho, na hayafai kuchukua nafasi ya *uelekezaji*.

Tofauti hizi zina uzito katika miongozo ya usalama. «Simu za dharura zitahamishwa» humwambia mchimbaji kwamba yupo mtu ofisini atakayepokea kwanza, kisha aikabidhi simu kwa wengine. Ikiwa ofisi imefungwa usiku, mtu huyo hayupo. Ikiwa mfumo umepangwa kuipeleka simu bila kupitia kwa mtu, mfasiri aandike: «Simu za dharura zitaelekezwa moja kwa moja kwenye kituo cha dharura.»