Dakika 15

Bango lilikuwa la buluu, maandishi meupe, limening'inizwa juu ya dirisha la ofisi moja ya umma mjini Busia ambayo sitaitaja. Lilikuwa na safu nne: huduma, masharti, gharama, muda. Kwenye huduma tuliyoifuata sisi, gharama ilikuwa bure na muda ulikuwa dakika 15. Chini kabisa, kwa herufi kubwa: HUDUMA BORA NI HAKI YAKO. Nilikuwa darasa la sita, mtoto wa kupenda kusoma kila kitu kwa sauti, basi nikamsomea Mama lile bango mara tatu tukiwa kwenye benchi. Tulikuwa tumefika saa mbili na nusu asubuhi. Saa nane mchana bado tulikuwa tunangojea dakika zetu 15. Kando ya bango kulikuwa na cheti cha ubora ndani ya fremu ya kioo, na kioo chenyewe kilikuwa kikipanguswa kila siku, maana ndicho kitu pekee mle ndani kisichokuwa na vumbi.

Mara ya nne Mama akaniambia ninyamaze.

Ilinichukua miaka kujua bango lile lilikuwa limetoka mbali namna gani. Safari yake inaanzia Japani, nchi iliyokuwa imeshindwa vita na ambayo bidhaa zake zilichekwa sokoni. Mwaka wa 1950 wanasayansi na wahandisi wa huko walimwalika Mmarekani mmoja, W. Edwards Deming, awafundishe jinsi ya kutumia hesabu kudhibiti ubora kiwandani. Mwaka uliofuata wakaanzisha tuzo yenye jina lake. Miaka 30 baadaye Wajapani walikuwa wanawauzia Wamarekani magari na televisheni, na Wamarekani wakaanza kuuliza wamekosea wapi. Mwaka wa 1987 Bunge lao likapitisha sheria ya tuzo ya kitaifa ya ubora. Waliipa jina la Malcolm Baldrige, waziri wa biashara aliyekuwa amefariki mwezi mmoja tu kabla, baada ya kuangukiwa na farasi kwenye mazoezi ya rodeo. (Waziri wa biashara, rodeo. Nimejaribu kumwaza waziri wetu yeyote juu ya farasi, nikashindwa.)

Tuzo ile ilikuja na maswali, na maswali ndiyo yaliyosambaa duniani. Nani anaongoza hapa? Mteja wenu ni nani, na mnajuaje anachotaka? Mnapima nini? Matokeo yako wapi? Nchi nyingi zilitengeneza tuzo zao zikiuliza vivyo hivyo. Kwetu, Taasisi ya Usimamizi ya Kenya, KIM, iliyoanzishwa 1954, ndiyo inayotoa COYA, zile tuzo za Kampuni Bora ya Mwaka. Shirika linajiandikisha, wakaguzi wanakuja kulipekua, halafu kuna chakula cha jioni Nairobi, suti, na picha za magazetini.

Lakini Mkenya wa kawaida hakuujua ubora kupitia COYA. Aliujua kupitia serikali ya Kibaki. Mwaka wa 2004 mashirika 16 ya umma yalitia saini kandarasi za utendakazi, kisha zikaenea hadi wizarani na kwenye mabaraza ya miji. Kila ofisi iliahidi malengo, ikapimwa, ikapangwa kwa nambari kama wanafunzi wa KCPE, na matokeo yakasomwa hadharani. Kutafuta cheti cha ISO kulihesabiwa. Kubandika mkataba wa huduma ukutani pia kulihesabiwa, na sasa unaelewa bango la buluu lilitoka wapi. Mwaka wa 2007 Kenya ilipata tuzo ya Umoja wa Mataifa ya utumishi wa umma kwa mpango huo. Mwaka wa 2015 ikapata nyingine, kwa vituo vya Huduma.

Sitaki kudharau. Nimechukua kitambulisho kwenye kituo cha Huduma na nikatoka nikitabasamu. Waliokimbizana na karatasi miaka ya tisini, dirisha hili hadi lile, kila dirisha na chai yake, wanajua kitu kilibadilika. Swali langu ni lile la Baldrige: mteja wenu ni nani?

Kwa sababu hapa mpakani huduma ina historia yake, na imeitangulia tuzo yoyote.

Mpaka wenyewe ulisogezwa na watu wa ofisini. Hadi Aprili 1902 Busia ilikuwa Uganda, na Kisumu pia, na Naivasha, kisha Waingereza wakahamisha mkoa mzima kwa amri. Baadaye Wasamia wakajikuta pande mbili, Wateso vilevile. Kukhu wangu alikuwa na dada ng'ambo, na hakuwahi kusema anaenda Uganda. Alisema anaenda kwa dada yake.

Baada ya uhuru, magari yalikuwa yanawashusha watu upande mmoja, na kituo cha pili kiko mbele, jua kali, mzigo kichwani. Vijana wenye baiskeli wakaona kazi. Wakaweka mto kwenye kitako cha nyuma, wakaanza kuita wateja: boda, boda! Kutoka mpaka hadi mpaka. Ilikuwa miaka ya 1960, hapa Busia, na leo jina hilo liko Kigali, Juba, Dar. Hakuna kampuni ya Afrika Mashariki iliyowahi kusambaza bidhaa hivyo, na mwanzilishi wake hajapanda jukwaa lolote la chakula cha jioni.

Halafu ukaja wakati wa Amin. Jumuiya ya kwanza ikavunjika 1977, sabuni na chumvi zikawa adimu ng'ambo, na kahawa ya Uganda ikavuka usiku kuja kwetu. Upande wa Bungoma, soko la Chepkube likapata jina kwa hiyo magendo. Busia ikazaa usafiri mwingine tena: watu wenye ulemavu wa miguu, kwenye baiskeli za magurudumu matatu za kuendeshwa kwa mikono, zilizopanuliwa na mafundi wa hapa hadi zikabeba magunia. Askari wa forodha waliwahurumia, au waliona aibu kuwapekua, na wafanyabiashara wakaijua bei ya hiyo huruma. Wakaunda vyama vyao. Mtu ambaye kwingine angeketi kando ya barabara na kikombe mkononi, hapa alisomesha watoto.

Waliopimwa ni malori. Ni sawa, mizigo ya Mombasa kwenda Kampala, Kigali na Kongo inapitia Malaba na Busia, na kila siku ya foleni ni pesa. Foleni ya Malaba mwaka wa 2020, wakati wa kupima madereva korona, ilinyooka kilomita nyingi. Kabla ya hapo ndipo kilijengwa kituo cha pamoja: ukitoka Kenya husimami Kenya, unasimama upande wa Uganda tu, ambako maafisa wa nchi zote mbili wameketi pamoja, ukirudi, kinyume chake. Cha Busia kilizinduliwa na Uhuru na Museveni Februari 24, 2018. Masaa ya lori yakapungua, na yakaandikwa kwenye ripoti.

Mama hakuandikwa. Anauza maharagwe anayonunua ng'ambo, magunia matatu, manne akiwa na pesa. Kwa mzigo wake kuna utaratibu wa biashara ndogo wa Jumuiya: bidhaa za hapa kwetu, thamani isizidi dola 2,000, fomu moja, hakuna ushuru wa forodha. Ni utaratibu mzuri. Ni yeye tu hakuambiwa kwa miaka mingi, akawa anapita njia za panya akilipa kila anayesimama njiani, zaidi ya ambavyo angelipa mlangoni.

Mwaka jana nilienda naye, simu mkononi, saa ya kuhesabu ikiwa imewashwa. Fomu, dirisha, muhuri, dirisha lingine. Dakika 22. Nilimwonyesha kwa furaha. Akaniuliza mbona sikuanza kuhesabu pale sokoni, alipongoja mwenye baiskeli ya magurudumu matatu amalize safari ya mtu mwingine, kwa sababu wamebaki wachache. Mizigo mingi siku hizi inapanda lori, na magunia matatu si kitu kwa lori. Alikuwa amengoja saa mbili.

Mzee mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ukuta wa kituo, akipangusa mikono. Anamwita Mama "dada". Amembebea tangu nikiwa darasa la sita, na siku ile ya bango ndiye aliyeturudisha nyumbani, mimi juu ya magunia, giza likiingia. Mama akamlipa, wakabishana kidogo kuhusu shilingi hamsini, kisha akaniambia nisukume kwa nyuma hadi tuumalize mlima.