Bakteria wenye dira

Wadau, kuna bakteria wana vipande vya sumaku ndani yao, vimepangwa kama shanga. Mwaka 1963 Salvatore Bellini wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, aliwaona kwenye darubini wakiogelea kuelekea kaskazini. Akaandika kwa Kitaliano, kazi ikaishia kabatini. Mwaka 1975 Richard Blakemore, aliyewakuta kwenye tope la Woods Hole, Marekani, akiwa bado mwanafunzi, akachapisha kwenye jarida la Science. Dunia ikamjua yeye. Bellini alikuja kusomwa kwa Kiingereza 2009, miaka 46 baadaye!

Mwaka 2016 watafiti wa Montreal, Kanada, waliwabebesha bakteria wa namna hiyo dawa ya saratani, wakawaongoza kwa sumaku hadi ndani ya uvimbe wa panya. Jamani, tunaofanya utafiti, tusiziache kazi zetu zilale kabatini.