Breki za diski kwenye pikapu ya zamani: Usisahau mgawanyo wa msukumo

Na Mwandishi Wetu, Mapinga

KUFUNGA breki za diski mbele ya pikapu ya zamani ni matengenezo yenye manufaa, lakini yanaweza kuleta hatari mpya iwapo mwenye gari hatahakikisha kwamba msukumo wa mafuta ya breki unagawanywa kwa uwiano unaofaa baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma.

Katika Barabara ya Bagamoyo, pikapu inayopeleka mchanga au mbao Mapinga, Kerege au Zinga huenda ikiwa imesheheni na kurudi tupu. Safari ya kurudi, hasa mvua inaponyesha, ndiyo inayofichua kasoro hiyo.

Chanzo cha tatizo

Katika breki za ngoma, ambazo mafundi huziita dramu, mzunguko wa ngoma huvivuta viatu vibane zaidi. Diski hazina msaada huo, hivyo pedi zake huhitaji msukumo mkubwa zaidi wa mafuta.

Land Rover za Series, zilizotengenezwa kati ya mwaka 1948 na 1985, zilikuwa na ngoma kwenye magurudumu yote manne, na pampu yake kuu ilipimwa kwa ngoma hizo. Fundi akiweka diski mbele bila kugusa pampu wala vali, dereva hulazimika kukanyaga kwa nguvu zaidi. Kabla diski hazijashika barabara, ngoma za nyuma huwa zimekwisha kufunga magurudumu.

Aidha, gari linapofunga breki uzito huhamia mbele na nyuma huwa nyepesi. Magurudumu ya nyuma yakijifunga kwanza, mkia huyumba na gari linaweza kugeuka. Ya mbele yakitangulia, usukani hauitikii, lakini gari huendelea kunyooka.

Dalili

Mkia kuyumba gari likiwa tupu ni dalili ya kwanza. Pedeli kushuka sana huashiria upepo kwenye mabomba, viatu vya nyuma vilivyolegea, au pampu ndogo isiyotosheleza kalipa. Diski zikipata joto bila kukanyagwa, huenda vali ya kubakiza msukumo ya ngoma haijaondolewa. Ngoma hubakiziwa takriban paundi 10 kwa inchi ya mraba, ilhali diski hazihitaji zaidi ya 2.

Namna ya kurekebisha

Kwanza, viatu vya nyuma vikazwe, uvujaji uzibwe na upepo utolewe kwenye mabomba yote. Pili, ifungwe pampu yenye kipenyo kinachofaa pamoja na busta, na vali ya kubakiza msukumo ya ngoma iondolewe kwenye bomba la mbele.

Tatu, ifungwe vali ya kugawa msukumo inayorekebishika. Mahali pake ni bomba la nyuma, kamwe si la mbele, kwa kuwa kazi yake ni kupunguza. Haiwezi kuponya diski zisizoshika.

Baadhi ya pikapu, zikiwamo Toyota Hilux, zina vali inayopima mzigo kwa fimbo iliyounganishwa na ekseli ya nyuma. Hewa ya chumvi ya pwani inaweza kuigandisha kwa kutu. Vilevile, mwenye gari akiongeza springi, nyuma huinuka na vali hudhani gari ni tupu hata likiwa limesheheni, hivyo breki za nyuma hupunguziwa nguvu. Fimbo hiyo irekebishwe upya.

Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 hufyonza unyevu wa hewa, hivyo ni vyema kuyabadilisha kila baada ya miaka 2.

Kupima

Jaribio lifanyike kwenye uwanja usio na watu, si barabarani, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, huku mtu mwingine akitazama magurudumu kwa mbali kutoka ubavuni. Vali irekebishwe kidogo kidogo hadi magurudumu ya mbele yatangulie kujifunga, na ya nyuma yafuate kwa karibu. Kisha jaribio lirudiwe gari likiwa na mzigo.

Anayemkabidhi fundi kazi hii amtake afanye majaribio yote mawili, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo, kabla ya kumlipa.