Lugha za Nyumbani Katika Mji wa Kisangani

Aingiaye Kisangani husikia Kiswahili na Kilingala, na sokoni zote mbili huchanganyika. Lakini tukumbuke kwamba lugha hizi zililetwa na wageni.

Stanley alipoweka kituo karibu na maporomoko, Desemba 1883, wafanya biashara wa Unguja walikuwa wamekwisha kufika pande hizo. Mwaka 1887 Tippu Tip alifanywa liwali wa nchi hiyo. Vita vya 1892 hadi 1894 viliondoa utawala wa watu hao, lakini lugha yao ilibaki. Kwa nini? Kwa sababu Wangwana, watu wa Maniema na penginepo waliofuatana nao, walikaa hapa, wakajenga, wakasema Kiswahili na watoto wao. Kilingala nacho kilipanda mto pamoja na askari na meli, kikapata watoto wake mjini.

Sasa tuwatazame Walokele. Hao ni wavuvi na wafanya biashara wa mtoni, nao walihamia mjini wengi. Lugha yao ina sauti ya juu na sauti ya chini. Neno lisaka, likitamkwa lote chini, ni dimbwi. Silabi ya mwisho ikipanda, ni ahadi. Mbili za mwisho zikipanda, ni sumu. Mtoto asiyefundishwa hayo atamwahidi babu yake sumu!

Kwa sauti hizo mbili ngoma yao ya mgogo hupeleka habari mbali. John Carrington, aliyekaa Yakusu, alizieleza ngoma hizo katika kitabu chake cha 1949. Basi, lugha ikipotea, ngoma hubaki mti mtupu: mpigaji atapiga, na hakuna atakayeelewa.

Katiba ya 2006 yataja lugha nne za taifa, yaani Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba, na kusema kwamba lugha nyingine za nchi ni urithi ambao Serikali huulinda. Ni neno jema. Lakini Serikali haimbembelezi mtoto usiku.

Wazazi wengi huogopa kwamba lugha ya kwao itamzuia mtoto asijue Kifaransa cha shule. Hofu hiyo haina msingi: watoto wa mji huu hujifunza lugha mbili tatu bila taabu. Wangwana hawakuwa na shule ya Kiswahili. Walikuwa na jiko na baraza. Hivyo tunavyo sisi pia. Tuseme na watoto wetu lugha ya babu zao leo, wazee wangali hai wa kuwajibu.